Pale Wayani Kisauni

Siku ami yangu alipoondoka kwenda Maskati, mwaka 1978, tulimsindikiza watu kumi na wanne. Tulijaa kwenye gari ya mbao ya jirani, Bibi mbele kwa dereva, sisi watoto nyuma juu ya sanduku lililofungwa kamba ya katani. Kutoka kwetu Kiembesamaki hadi kiwanjani hata maji ya chai hayachemki, lakini Bibi alitaka twende na gari. Alisema mtu anayekwenda mbali hatoki kwao kwa miguu.

Hakuna aliyetuuliza tiketi. Tuliingia sote hadi kwenye mizani, tukaliona sanduku likipimwa, na Bibi akajadiliana na karani juu ya kikapu cha maembe boribo na ng'onda, kwamba hicho si mzigo, hicho ni chakula. Karani, ambaye alikuwa mtoto wa mtu tunayemjua, alicheka akaandika kilo alizozitaka Bibi. Kisha ami akapita mlango mdogo na sisi tukatoka kwa ubavu wa jengo, tukajipanga wayani.

Wayani ndipo palipokuwa penyewe. Ulikuwa ua wa waya wa kawaida, unafika kifuani kwa mtu mzima, na baina yake na ndege kulikuwa na hatua mia hivi za lami. Ndege yenyewe ilikuwa Fokker Friendship ya Shirika la Ndege Tanzania, twiga kachorwa mkiani, safari yake Dar es Salaam. Huko ndiko ami angebadilisha. Zama hizo ruhusa ya kutoka Zanzibar haikuwa jambo dogo, na aliyekwisha kuipata hakuwa akiulizwa atarudi lini. Bibi alivaa kanga mpya nyekundu kwa makusudi, ili aonekane kwa mbali. Ami alipofika juu ya ngazi aligeuka. Baadaye mapangaboi yakaanza kuzunguka, tukapigwa na vumbi na harufu ya mafuta ya taa, na Bibi akavua kanga ya juu akaipunga mpaka ndege ikawa kama nzi juu ya minazi.

"Kaniona," alisema. "Kanipungia dirishani."

Maneno hayo aliyarudia kwa kila mgeni aliyeingia nyumbani kwetu kwa miaka kumi na moja.

Mimi kiwanja kile nilikijua kwa ndani kuliko wenzangu, kwa sababu Baba alikuwa zimamoto pale. Wakati ule watu hawakusema zaidi ya Kisauni, kwa jina la kijiji. Katika miaka yote ya kazi yake Baba hakuzima moto wa ndege hata mmoja, alhamdulillahi. Kilichomtoa jasho ni nyasi za ukingoni zilizokuwa zikishika moto msimu wa kaskazi, na ng'ombe. Njia ya kurukia ndege ilikata katikati ya mapito ya watu wa zamani, na watu wa zamani hawakuona kwa nini wazunguke. Wanawake walikatiza na mizigo ya kuni kichwani, na sisi wa skuli tulikatiza na madaftari. King'ora kikilia kuwa ndege inakaribia, kila mtu anakimbilia upande wake, kisha gari jekundu la Baba linapita mbio kuwaswaga ng'ombe ambao hawakuelewa king'ora. Ndege ikishatua na kunyamaza, tunaendelea na safari.

Na kunguru. Kunguru wale weusi wenye shingo ya kijivu waliletwa Unguja kutoka India miaka ya 1890, eti wasafishe taka za mji, na tangu hapo hakuna aliyeweza kuwaondoa. Kiwanjani walikuwa adui wa kweli, maana ndege wa manyoya akiingia kwenye injini ya ndege ya chuma wote wawili hawaendi mbali. Baba aliwapigia debe, akawawashia moshi, akawawekea kunguru aliyekufa juu ya mti ili wenzake waone. Walimjua sura. Hata siku zake za mapumziko, akipita barabarani na baiskeli, walimfuata wakimtukana.

Mimi mwenyewe nilipanda ndege mara ya kwanza mwaka 1986. Nilikuwa nimepata nafasi ya chuo Dar es Salaam, na Baba akanikatia tiketi kama zawadi, ingawa wenzangu wote walikwenda kwa MV Mapinduzi. Kutoka Unguja hadi Dar ni dakika ishirini angani. Nilikuwa nimejiandaa moyoni kwa safari ndefu; sijamaliza peremende niliyopewa, tunashuka. Niliona aibu kidogo, kama mtu aliyeaga kwa machozi kisha akaonekana dukani jioni.

Kiwanja chenyewe kilikuwa kimeshaanza kubadilika, na haikuwa kwa matofali. Ilikuwa kwa mizigo. Baada ya Mzee Mwinyi kushika urais wa Zanzibar mwaka 1984 na biashara kulegezwa, watu walianza kwenda Dubai na kurudi, na waliorudi walirudi na redio, vitenge, mafeni, televisheni zilizofungwa ndani ya mablanketi. Pale ambapo zamani wasindikizaji ndio waliokuwa wengi, sasa wapokezi waliwashinda. Watu walikuja kumpokea mtu, kwa hakika walikuja kupokea sanduku. Mlango wa forodha ukapata ulinzi, na sisi wa kuingia hadi mizani tukaanza kusimamishwa barazani. Haikutangazwa. Siku moja tu kulikuwa na askari na meza.

Ami alirudi mara ya kwanza mwaka 1994, kwa ndege iliyotoka Ghuba moja kwa moja bila ya kupitia Dar. Bibi alikuwa ameshafariki miaka mitano. Siku ya tatu aliniomba nimpeleke kiwanjani, nikadhani anataka kuthibitisha tiketi yake. Kumbe alitaka kuonyeshwa pahala petu. Nikampeleka wayani, nikamwonyesha Bibi alisimama hapa, mama hapa, sisi juu ya ukingo. Alisimama kimya, kisha akasema, "Mimi nilikaa upande wa pili, mwanangu. Dirisha langu lilikuwa likitazama minazi. Nilimwomba yule bwana wa upande huu tubadilishane, akakataa."

Sijawahi kumwambia mtu wa nyumbani, mpaka leo ninapoandika.

Miaka hiyohiyo ya tisini Wazungu walianza kuja kwa wingi, na kiwanja kikajifunza lugha nyingine. Madereva wa teksi walijua *ciao* na *grazie* kabla hawajajua njia ya Nungwi. Dalali wa hoteli akazaliwa, na kofia yake, na karatasi yenye jina la mtu. Sitaki kujifanya kwamba jengo la zamani lilikuwa zuri. Ndege mbili zikifika pamoja, watu walibanana kwenye chumba cha uhamiaji kama dagaa juani, feni moja inazunguka kwa mwendo wa kusita, na mabegi yalisukumwa kwa dirisha la ukutani, kila mtu ajichagulie lake. Mimi niliwahi kuondoka na begi la Mjerumani, rangi moja na langu, nikaligundua nyumbani nilipokuta viatu vya kuogelea. Niliporudi nalo mbio, nilimkuta amekaa juu ya begi langu anakunywa dafu. Hakuwa na hasira hata kidogo.

Hata hivyo, msimu wa mahujaji kiwanja kilirudi kuwa chetu. Kijiji kizima kilihamia pale, dufu zinapigwa, akina mama na mikeka na birika za chai chini ya miembe, na mzee anayekwenda Makka anazungushwa kama bwana harusi, kila mtu anampa salamu ampelekee Mtume. Wazungu waliokuwa wakisubiri ndege zao walitoa kamera. Walidhani ni ngoma ya watalii.

Baada ya yale ya Marekani ya Septemba 2001, mambo yalikaza hapa kama kwengineko. Waya wa kifuani ukang'olewa, ukawekwa mrefu kuliko mtu, na miba juu. Ukingo tuliokuwa tukipanda ukafyekwa. Baba alikuwa ameshastaafu, na alipoona waya mpya alisema jambo moja tu, kwamba ng'ombe sasa wamekwisha.

Mwaka 2010 ndio uliokuwa wa makeke. Zanzibar iliuanza gizani, kwa sababu waya wa umeme unaotoka Bara ulikuwa umekufa tangu Disemba, na tulikaa hivyo miezi mitatu, mji mzima unanguruma majenereta. Mwaka huohuo njia ya kurukia ndege ikarefushwa, kutoka chini ya mita 2,500 hadi 3,022, na kiwanja kikapewa jina la Mzee Abeid Amani Karume. Watu waliulizana mita mia tano za lami ni za nini. Baba ndiye aliyenieleza, kwa kijiti mchangani. Hewa ya joto ni nyepesi, na hewa nyepesi haibebi vizuri. Ndege kubwa iliyojaa watu na mafuta ya kufika Ulaya, katika jua letu la mchana, lazima ikimbie sana kabla haijanyanyuka. Njia ikiwa fupi itabidi ipunguze mafuta, kisha ikatue pengine kujaza. "Ndiyo maana wageni wetu walikuwa wakipitishwa Mombasa," alisema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa. Alifariki mwaka uliofuata, na sidhani kama kuna kitu alichojivunia kama zile mita, yeye ambaye hakuzimwagia lami.

Jengo jipya halikuwa na haraka kama lami. Nilipita mbele yake kwa daladala ya 505 karibu muongo mzima. Mkandarasi alitoka China, mkopo ulitoka China, na kwa miaka kadhaa mifupa ya zege na chuma ilisimama kimya, michoro ikibishaniwa. Abiria wa 505 walilifanya kipimo cha wakati. Mtoto huyu alizaliwa jengo likiwa nguzo. Yule kaolewa lilipoezekwa. Kondakta mmoja alikuwa akiita kituo kile "Inshallah", na watu wakashuka Inshallah bila kucheka. Wakati huo huo wageni hawakungoja. Mwaka 2019 waliingia zaidi ya laki tano, wengi wao wakipita kwenye jengo lilelile la feni. Ikaja korona, kiwanja kikanyamaza hadi tukasikia kunguru, na katikati ya mwaka 2020 kikafunguliwa wakati nchi nyingi bado zimefunga, tukaona Warusi wasio na idadi. Jengo jipya hatimaye likafunguliwa mwaka 2021, na shughuli zake wakapewa Dnata, kampuni ya Dubai. Bibi angecheka sana. Dubai tuliyokuwa tukiiendea kununua feni imekuja kutufungulia mlango.

Ni jengo zuri, lazima niseme. Kuna baridi, mabegi yanazunguka kwenye mkanda, vyoo vina maji. Nilipokuwa nikisafiri mimi mwenyewe nililipenda bila ya kinyongo.

Ilikuwa zamu yangu ya kusindikiza ndipo nilipoliona kwa upande wa pili. Binti yangu alipata nafasi ya kusoma Uturuki, akapitie Doha, ndege ya mchana. Tulikwenda watu watatu tu; wengine walimuaga kwenye simu. Askari mlangoni alikuwa mpole, alinipa shikamoo vizuri, lakini alisema mwenye tiketi ndiye anayeingia. Kwa hiyo tuliagana kwenye maegesho, baina ya gari mbili za hoteli, mama yake anamtengeneza mtandio, dereva mmoja anapiga honi tumpishe. Kisha mlango wa kioo ukafunguka wenyewe, ukafunga, na kioo kilikuwa cheusi kwa nje. Tulijiona sisi wenyewe.

Baada ya robo saa simu ikalia. Alikuwa ndani, hatua hamsini kutoka tulipo, ananipigia kwa video. "Baba, tazama." Akageuza simu, nikaiona ndege kupitia kioo kikubwa, safi kabisa, mkia wake, ngazi zake, mpaka watu wanaopakia mizigo. Nilikuwa sijawahi kuiona ndege vizuri namna ile tangu wayani. Akanionyesha kikaratasi cha begi lake, akanionyesha na chai aliyoinunua, akataja bei yake, mama yake akasema a'udhu billahi.

"Umekaa upande gani?" nikamuuliza.

"Wa nini, Baba?"

"Nambie tu."

Akatazama karatasi yake. "Kulia. Dirishani."

Mama mtu nikamwacha kivulini na dada yake. Nilimwendea dereva wa teksi niliyemjua tangu akiwa utingo, nikamwambia anizungushe kiwanja, anipeleke upande wa pili.

"Huko kuna ukuta mtupu, mzee," alisema. "Huoni kitu."

"Kuna pahala pana mwinuko. Twende."

Alinitazama, akatazama saa. "Basi ongeza elfu tano."