Karata Mbili kwa Dola 5

Naanza na kosa lenyewe, nisije nikaonekana najificha. Mwezi Mei 2007 niliuza karata mbili kwa dola 5. Zilikuwa mpya kabisa, nimezitoa mwenyewe kwenye pakiti. Mwenye duka alizipokea bila hata kuzitazama vizuri, na mimi nikatoka mlangoni najiona mjanja. Zile dola 5 nikanunua kadi ya simu, ya kukwangua, nikapiga Tanga kumsalimia mdogo wangu.

Mimi ni mtoto wa Ngamiani, barabara ya 13. Karata nimezijua kabla sijaijua shule, kwenye baraza la jirani yetu, wazee wakicheza wahedi wa sitini mpaka adhana ya magharibi iwatawanye. Pale thamani haina mjadala. Ree ni ree, ukiishika mkononi moyo unatulia. Kitu pekee cha kuogopa ni turufu, maana kikiwa kimetajwa kopa, basi hata kikopa kidogo cha kudharauliwa kitaikata ree ya shupaza na utaiona inakwenda. Lakini hata hilo linajulikana tangu karata ya kwanza haijatupwa. Dada yangu, mdogo wangu kwa miaka mitatu, alikuwa akikaa nyuma ya mzee akishona ukili, na mchezo ukifika katikati alikuwa anajua nani kabaki na nini. Wazee walimfukuza. Si kwa ubaya, walisema tu binti anawahesabia.

Mwaka 2006 mzee aliuza kiwanja ili mimi nije Unyamwezini kusoma. Kiwanja kilikuwa kimoja na watoto tulikuwa wawili. Hesabu alikuwa anaziweza zaidi yeye, hilo mtaa mzima ulilijua. Nikaja mimi.

Chuo changu kilikuwa kidogo, kusini mwa Seattle, na usiku nilikuwa naosha vyombo hotelini. Mshikaji niliyeosha naye, Mfilipino mmoja mcheshi, ndiye aliyenipeleka duka la Magic. Huu ni mchezo wa karata uliobuniwa na Richard Garfield, mtu wa hisabati, ukatoka mwaka 1993. Kampuni inayozichapa, Wizards of the Coast, iko Renton, karibu kabisa na nilipokuwa nakaa. Tofauti na karata za baraza ni kwamba hapa hakuna fungu la wote. Kila mtu anakuja na lake, karata 60 alizozichagua mwenyewe kutoka maelfu, na kila mtu anaanza na uhai 20. Karata za ardhi unaziweka moja kwa zamu, ardhi inakupa mana, na mana ndiyo nauli ya kuzitoa karata nyingine. Kwa hiyo kazi kubwa inafanyika kabla hujakaa mezani. Unaishika karata moja, unaigeuza, unajiuliza, hii inafaa kitu gani?

Nilidhani naweza. Nimetoka baraza la Ngamiani, nani ataniambia habari za karata?

Yule mshikaji akanipima usiku mmoja jikoni. Alichukua karatasi ya kufutia mikono akaniandikia karata tano za ule mwaka wa kwanza, 1993. Zote nauli yake mana 1, na zote zinakupa kitu tatu. Lightning Bolt inapiga adhabu 3. Giant Growth inamkuza kiumbe wako kwa 3 mpaka zamu iishe. Dark Ritual inakupa mana 3 nyeusi. Healing Salve inakurudishia uhai 3, au inazuia adhabu 3. Ancestral Recall inakuokotesha karata 3. Ukizitazama ni ndugu watano wa tumbo moja, kila mmoja na rangi yake. Akaniuliza, ungechukua ipi?

Nikachukua Healing Salve. Usinicheke. Nilikuwa sina bima, nimeshaona mtu akipewa bili ya hospitali ya jino moja, na neno tiba lilinikaa vizuri masikioni.

Alicheka mpaka sahani ikamponyoka. Akasema, sikiliza, ukiitoa hiyo, karata imekwenda, uhai umerudi kidogo, na yule aliyekuwa anakupiga bado yuko pale pale mezani, zamu ijayo anakupiga tena. Umelipa karata nzima ununue dakika. Ancestral Recall nayo inakwenda moja zinakuja tatu, na katika hizo tatu mtu anaweza kukuta Lightning Bolt, akakuta ardhi, akakuta lolote. Ndiyo maana haijachapwa tena kwa ajili ya mashindano tangu mwaka ule ule wa 1993, na pale inaporuhusiwa unaruhusiwa moja tu katika fungu lako. Healing Salve ilichapwa mara nyingi na hakuna aliyeililia.

Tangu siku ile nikawa na maswali yangu ya kuipima karata. Nauli yake ni ngapi? Inakwenda moja, zinarudi ngapi? Nikiwa nimelemewa, itanifaa, au inapendeza tu nikiwa nashinda? Hili la mwisho ndilo linaloua wengi, kwa sababu karata ikiwa kubwa na picha ya joka macho yanadanganyika, wakati mana 7 za kuliita hilo joka hutaziona, umeshakufa zamani.

Ila maswali yana mtego wake. Mwaka 1995 lilitoka toleo la Ice Age, na ndani yake mlikuwa na karata nyeusi inaitwa Necropotence. Inakunyima kuokota karata yako ya kila zamu, halafu inakutaka ulipe uhai 1 kwa kila karata unayoitaka. Watu wengi waliisoma wakaona ni wazimu. Ulipe damu yako kwa kitu ulichokuwa unapata bure? Walikuwa wanaitafuta Jester's Cap, ya toleo lile lile, ya kuchungulia fungu la mwenzako na kumtolea karata tatu humo. Hiyo ndiyo ilikuwa na ujiko. Kumbe mtu mwenye uhai 20 ana kitu kinachomhusu kweli kimoja tu, ule wa mwisho. Kumi na tisa ni akiba, na akiba ni ya kutumiwa. Mwaka 1996 Necropotence ikatawala mashindano mpaka watu wakakipa kiangazi kile jina, Kiangazi Cheusi.

Na mwaka huo huo, kule Atlanta, jamaa mmoja Paul Sligh alikuja na fungu jekundu alilotengenezewa na Jay Schneider. Limejaa takataka. Mle kulikuwa na Ironclaw Orcs, mana 2, nguvu 2, ustahimilivu 2, halafu ni waoga, hawawezi kumzuia kiumbe mwenye nguvu 2 au zaidi. Ukiipima karata hiyo peke yake utaitupa jalalani. Lakini fungu lile halikuwa na haja ya kuzuia mtu. Lilikuwa linatoa kitu zamu ya kwanza, kitu zamu ya pili, kitu zamu ya tatu, hakuna mana inayolala, na mwenzako bado anasubiri joka lake. Woga wa wale Orcs haukumgharimu Sligh chochote, kwani tangu lini mshambuliaji akaulizwa habari za kulinda goli? Fungu la namna ile mpaka leo linaitwa kwa jina lake.

Haya yote nilikuwa nayajua mwezi ule wa Mei. Nilikuwa nawafundisha wengine, hapo ndipo panaponiuma.

Toleo lilikuwa Future Sight. Nilinunua pakiti kwa pesa ya bakshishi, nikatoa karata ya kijani inaitwa Tarmogoyf, na wiki ile ile nikapata ya pili. Mana 2. Mahali pa nguvu na ustahimilivu hapakuwa na namba. Palikuwa na nyota, halafu moja jumlisha nyota. Maana yake, nguvu zake ni idadi ya aina za karata zilizomo makaburini, yaani zilizokwisha kutumika au kufa, na ustahimilivu wake ni hiyo idadi na moja zaidi. Nikaisoma nikahesabu. Mwanzo wa mchezo makaburi ni matupu, kwa hiyo nguvu 0, ustahimilivu 1. Kipimo changu cha mana 2 kilikuwa Grizzly Bears, yule dubu wa 1993, 2 kwa 2, bila maneno. Hii hata dubu haifikii, nikasema. Tena kwenye mabano walitaja aina ya karata ambayo mchezo ulikuwa hauna bado, nikaona ni utani wa wachapaji. Nikauza.

Basi nikapiga simu. Dada akapokea. Tulianza na habari za mama na za mvua, tukaingia za masomo. Alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, muhula unaanza Januari, na kulikuwa na michango ya kulipa kabla, kama shilingi elfu tisini. Hakuniomba. Aliitaja tu kama anavyotaja bei ya sukari. Nikasema tutaona. Halafu, ili nibadilishe mazungumzo (ukweli ndio huo), nikamhadithia mchezo, na nikamsomea ile karata kama kichekesho.

Akanyamaza kidogo. Akauliza, “Hayo makaburi, yako au ya wote wawili?”

Nikasema ya wote wawili.

“Na karata zenu mnazitumia kila zamu?”

“Ndiyo.”

“Sasa kaka, hiyo si inalishwa na kila mtu? Wewe ukitupa inanenepa, mwenzio akitupa inanenepa. Akitaka kuipiga, ile ya kuipigia nayo inaingia kaburini, inanenepa tena. Mbona hiyo ni turufu!”

Nikamwambia hujui, mchezo huu una mambo yake. Nikamwambia nimeshaziuza. Akasema, “Haya.” Kadi ikaisha.

Hilo la kupigwa alilotaja ndilo wachezaji wakali walikuja kulijua kwa machungu. Tarmogoyf akiwa 2 kwa 3, ukampiga na Lightning Bolt ya adhabu 3, na makaburini hakuna bado karata ya aina yake, ile Lightning Bolt inaingia kaburini kabla mchezo haujakagua nani kafa. Anakuwa 3 kwa 4, anaishi. Mtoto wa Ngamiani aliliona hilo kwenye simu ya dola 5, hajawahi kuishika karata yenyewe. Mimi nilihesabu siku ya kwanza ya yule kiumbe nikaishia hapo. Yeye alihesabu siku ya tatu, ya nne, kama alivyokuwa akihesabu nyuma ya mzee.

Desemba nilipita duka lile lile. Tarmogoyf ilikuwa nyuma ya kioo, kibandiko kinasema dola 35. Moja. Mbili ni dola 70, na kwa shilingi ya wakati ule ni kama elfu themanini. Nilisimama pale mpaka mwenye duka akaniuliza kama nataka nitolewe niione. Nilikuwa na dola 20 za kutuma, nikazituma. Hazikutosha, na mzee hakuwa na kiwanja kingine. Dada akaingia chuo mwaka uliofuata.

Sasa utaniambia, bei si thamani. Najua. Mwaka 2015, Las Vegas, kwenye mashindano ya watu zaidi ya 7,000, Mkanada mmoja, Pascal Maynard, aliingia nane bora. Pale mnafungua pakiti mezani, unachagua karata moja unapitisha zilizobaki. Akakutana na Burst Lightning iliyolifaa fungu lake, na Tarmogoyf ya kung'aa isiyomsaidia kushinda. Akachukua Tarmogoyf. Wachezaji wenzake maarufu walimshambulia kwa maneno, kwamba ameuza heshima ya mchezo. Ubingwa hakuupata. Ile karata akaipiga mnada, ikanunuliwa kwa dola 14,900, nusu akaitoa sadaka. Niliposoma habari ile nilikuwa upande wake moja kwa moja, wala sikuyapima maswali yangu. Wale waliomsema nadhani hawajawahi kuulizwa elfu tisini. Leo karata ile imechapwa upya mara nyingi na bei yake imeshuka sana, mtoto wa shule anaweza kuinunua.

Nilikwenda likizo Tanga nikiwa na mafungu mawili ndani ya begi. Dada sasa ni mwalimu wa hesabu, ana madaftari ya kusahihisha mpaka chini ya kitanda. Nilimwekea Tarmogoyf nne kwenye fungu lake kama zawadi, bila kusema kitu. Tukacheza barazani, pale pale. Alizisoma moja moja, polepole, na alipozifikia hizo akatabasamu, akaendelea. Mchezo ulipoanza, ya kwanza aliishikilia mkononi zamu mbili nzima, ardhi ziko tayari, haitoi.

Nikamuuliza anangoja nini.

“Naangoja utupe,” akasema.