Nyumba ya Nanyuki

Jumamosi, 2 Agosti 2025
Shule zimefungwa na nyumba ya Nanyuki imejaa hadi katikati ya mwezi. Mwenyewe yuko Doha, mimi ninayeisimamia niko Kaloleni, Nairobi, na anayeijua nyumba ni mama fua anayeishi Likii, huko huko Nanyuki. Ndiye anayepokea wageni, anayetandika, anayejua mfereji gani ukifungwa haraka unaanza kuvuja. Mimi ni simu tu, yenye asilimia 15.

Asubuhi nimeshuka Gikomba kutafuta shuka nyeupe. Shuka ya mtumba usiiangalie pindo, iinue juani uangalie katikati, pale mgongo unapolala. Mbili za kwanza niliona vidole vyangu upande wa pili. "Dada, hizo zimetoka hoteli ya majuu," muuzaji akaniambia. Nikamjibu hoteli yenyewe ilizitupa kwa sababu hiyo hiyo. Tumecheka, akapunguza bei. Furushi limepanda matatu saa sita, na mama amelichukua stejini kabla ya magharibi. Amepiga simu kulalamika kwamba sikutuma foronya.

Jumatano, 6 Agosti
Saa tano usiku mgeni anapiga: giza, mtoto ana sabuni kichwani. Tokeni zimeisha, maana shawa ya umeme hula yuniti kama mtu aliyefunga siku nzima. Nimenunua kwa M-Pesa na kumsomea tarakimu 20, nne nne, huku kwetu pia stima ikiwa imepotea tangu jioni. Mita ikakataa. Alikuwa akibonyeza 6 mahali pa 9. Hatimaye mama ameamshwa, akaenda na tochi.

Jumapili, 10 Agosti
Familia kutoka Mombasa. Walidhani mji ulio Ikweta lazima uwe na joto. Wamepiga picha kwenye kibao, halafu wakaulizia blanketi. Nanyuki iko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na Agosti haina huruma. Hilo lilitatuliwa kwa kuni. La Mlima Kenya ndilo gumu. Katikati ya mechi, Harambee Stars wakiwa wachezaji kumi wakilinda bao moja dhidi ya Morocco, Kaloleni nzima imeshika pumzi, simu inalia: "Dada, mlima wenu uko wapi? Tunataka nusu ya pesa."

Mlima wa mita 5,199 haupotei. Ila mawingu huufunika kuanzia katikati ya asubuhi, na hawa huamka saa nne. Pesa sijarudisha. Stars wameshinda 1-0.

Jumatatu, 11 Agosti
Mama amewagongea dirisha saa kumi na mbili na nusu, bila kuulizwa. Wametuma picha ya vilele vya Batian na Nelion, pamoja na theluji yake, na baba wa familia amejifunga blanketi letu. Hakuna aliyetaja nusu ya pesa.

Ijumaa, 15 Agosti
Mwanamume anataka usiku mmoja, analipa mara mbili taslimu, hana kitambulisho. Tangu wanawake walipouawa katika nyumba za kukodi za Nairobi Januari 2024, na serikali ikaagiza nyumba hizi zisajiliwe, sipokei mtu asiye na kitambulisho. Kabla sijamjibu, mama alikuwa amekwisha kumfungia geti. "Msichana wangu, huyo hata macho hakuniangalia."

Mwenyewe amenuna kwa sababu ya Ijumaa tupu. Rahisi kununa ukiwa Doha. Hapa Kaloleni nyumba ni za kaunti, zilijengwa miaka ya 1940, na kuna wapangaji waliorithi mlango kutoka kwa babu. Mgeni akiingia, majirani watano wanajua ni wa nani. Nanyuki mlango hubadilisha watu kila wikendi, na jirani ni mama peke yake.

Jumatatu, 18 Agosti
Nimeandika upya maelezo ya nyumba. Picha ya mlima imeshuka hadi ya nne, ya kwanza ni meko yenye moto. Chini yake: "Kuna baridi. Mlima huonekana mapema asubuhi, mara nyingine hauonekani. Kuni zimo ndani ya bei. Leta kitambulisho."

Kisha nikampigia mwenyewe. Nimemwambia mama aongezwe malipo, kwamba akiondoka, nami naondoka, maana sitakuwa na cha kusimamia. Amebishana, akataja bei ya Doha, akataja ada za shule. Kuanzia Septemba mama atalipwa shilingi 1,000 kwa kila usafi badala ya 700, na simu ya usiku italipiwa kivyake.