Laki Tatu ya Mahari Yaenda kwa Tajiri wa Boda, Dada wa Tandale Ndiye Aliyepiga Hesabu!

Majina kapuni, ila stori ni ya Tandale, mitaa ile ile iliyomkuza Diamond Platnumz. Safari hii hakuna msanii. Kuna kaka anayetafuta pikipiki, dada anayesubiri barua ya posa, na laki tatu iliyotengwa kwa ajili ya mahari.

Kaka alipata matajiri wawili. Wa kwanza anataka kianzio cha laki tatu, halafu hesabu 7,000 kwa siku. Wa pili hataki kianzio, ila hesabu ni 10,000. Mikataba yote ni siku 300 za kazi, mafuta juu yako, na chombo kinabaki mali ya tajiri.

Kaka macho yakaenda kwa wa pili fasta. Nani atoe laki tatu wakati kuna mtu hataki hata mia? Tena hela yenyewe ya ukweni!

Dada akagoma kuamua kwa mdomo. Matokeo yake ya form four hayakuwa ya kutangaza, na Basic Mathematics ilimpiga chini kama ilivyowapiga wengi. Lakini kitu kimoja cha form one kilimkaa kichwani: chora milinganyo miwili kwenye grafu moja, pale mistari inapokatana ndipo jibu lilipo.

Akavuta daftari la vimraba la mdogo wake. Mstari wa kulala ukawa siku, yaani x. Wa kusimama ukawa jumla ya pesa anayolipwa tajiri, yaani y. Wa kwanza akamwandika y = 300,000 + 7,000x, wa pili y = 10,000x.

Halafu akatafuta nukta. Siku ya 0, wa kwanza yuko 300,000 na wa pili yuko 0. Siku ya 50, ni 650,000 kwa 500,000. Siku ya 150 mambo yamegeuka: 1,350,000 kwa 1,500,000. Akaunganisha nukta kwa rula. Mistari ikakatana siku ya 100, kwenye milioni moja kamili. Akahakikisha: laki tatu jumlisha laki saba ni milioni, na 10,000 mara 100 ni milioni. Imekubali.

Maana yake nini? Kabla ya siku ya 100, tajiri wa pili ni nafuu. Baada ya hapo anakukamua. Mpaka siku ya 300 wa kwanza atakuwa amekula 2,400,000, wa pili 3,000,000. Laki sita nzima, mahari mara mbili!

Yule wa pili kusikia anakimbiwa, akaja na ofa mpya: hesabu 9,000, kianzio laki tano. Dada akachora tena. Mstari huo ulianza juu ya ule wa kwanza na ukazidi kuachana nao kila siku. Hapo hakuna cha kusubiri, akatupilia mbali.

Lakini grafu haijui roho ya mtu. Tajiri wa kwanza akinyang'anya chombo siku ya 60, kaka ameshalipa 120,000 zaidi ya ambavyo angelipa kwa mwenzake. Ndiyo maana dada alitaka iandikwe, mbele ya shahidi, kianzio kinarudishwaje mkataba ukivunjika.

Kaka akakubali, na posa ikasogezwa siku 100. Kila jioni ile 3,000 ambayo angempa tajiri wa pili inaingia kwenye kibubu, na siku ya 100 laki tatu inakuwa imerudi. Leo ni siku ya 40, kibubu kinatakiwa kuwa na 120,000. Dada hajakivunja, anakitikisa tu na kusikiliza.

Haya wadau, ungekuwa wewe ndiye dada, ungekubali mahari yako ianze kwa kununua hesabu ya boda? Shuka na komenti.