Tusipande Zabibu Nyamache, Tuige Jina

Wasee wa Bobasi, leo naongea waini. Msikimbie.

Kule Naivasha kuna kampuni inaitwa Rift Valley Winery. Waini yao ni Leleshwa, na kati ya zabibu zao kuna Syrah, ile Waaustralia huita Shiraz. Asili yake ni bonde la Rhône, Ufaransa. Naivasha iko karibu na ikweta, lakini ziwa lake liko karibu mita 1,900 juu ya bahari, na usiku kuna baridi. Syrah ikiiva kwa joto kali hutoa waini nzito, yenye pombe nyingi. Ikiiva polepole kwenye baridi inabaki na uchachu na kunukia pilipili manga. Si maneno ya walevi: mwaka 2008 watafiti wa Australia walitangaza kwamba harufu hiyo inaletwa na rotandoni, kemikali ile ile iliyo ndani ya pilipili manga.

Sasa mtaniuliza, si hata sisi tuko juu? Si mwezi wa saba tunalala na sweta? Kweli. Lakini mvua ya Kisii hupita milimita 1,500 kwa mwaka, na ya Naivasha haifiki nusu ya hiyo. Mzabibu ukinyeshewa hivyo unashikwa na ukungu, zabibu zinaoza kabla ziive. Mvua hiyo hiyo ndiyo inatufanya tuchune majani chai mwaka mzima.

Kwa hivyo msing'oe chai. Tuige jina tu. Leleshwa ni kichaka cha Bonde la Ufa chenye majani ya kunukia. Wamekiandika kwenye chupa, na anayekunywa anajua ametoka wapi.

Chai yetu je? Inatoka Nyamache, inaenda mnada wa Mombasa, inachanganywa na ya kwingine, na mnywaji kule Uingereza hajawahi kutusikia. Baridi yetu iko kwa kikombe chake, jina letu haliko. Na chai isiyo na jina huuzwa kwa kilo tu, hata mama awe ameichuna vizuri namna gani.

Mawe ya Tabaka dunia inayaita jiwe la Kisii. Mbona pakiti ya chai isiandikwe Nyamache, na mwezi iliochunwa? Vijana wenye simu na picha nzuri, hiyo kazi ni yetu.