Urefu wa Wingu

Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu. Hawakusema mawingu gani, wala yamepanda juu kiasi gani. Kwa mvuvi wa usiku katika Ziwa Victoria, hilo ni suala la kufa na kupona. Nina ndugu yangu anayevua huko, ndiyo maana jambo hili limenikaa moyoni.

Usiku nchi kavu hupoa upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka pande zote kuelekea ziwani, hewa yenye unyevu hupanda, na wingu hukua kama mnara. Wingu refu namna hiyo ndilo lenye radi na dhoruba.

Setilaiti za Meteosat, zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta, huliona wingu hilo. Lakini, ndugu msomaji, hazina kamba ya kulipimia. Zinachopima ni mionzi ya joto itokayo kileleni. Kwa kuwa hewa hupoa kwa wastani wa nyuzi 6.5 kila kilomita moja ya kupanda, baridi hugeuzwa kuwa kimo. Hewa ya ziwani ikiwa nyuzi 27, na kilele cha wingu nyuzi 60 chini ya sifuri, kilele hicho hukadiriwa kuwa kilomita 13 hivi juu ya maji.

Hesabu hii ina mtego. Wingu jembamba kama shela hupitisha joto la vitu vilivyo chini yake. Setilaiti hupokea mchanganyiko, na wingu huhesabiwa kuwa chini kuliko lilivyo. Ili kusahihisha makadirio hayo, setilaiti CALIPSO ya Marekani na Ufaransa ilipima mawingu kwa miali ya leza kuanzia mwaka 2006 hadi 2023.

Hata hivyo, wingu zito la dhoruba halipitishi joto la chini yake. Nalifikiri sana jambo hili: wingu linaloua ndilo linalopimika vizuri zaidi. Habari zake hushuka kutoka kilomita 36,000 kwa muda mfupi. Safari ngumu ni zile kilomita chache za mwisho, kutoka ofisini hadi mwaloni, zimkute mvuvi kabla hajasukuma mtumbwi majini. Zisipofika, kwake yeye wingu hilo halikupimwa.