Msimu wa madungu, Kilombero

Mvua zikishakolea, kijiji chetu karibu na Ifakara kilibaki na wazee na kuku. Wengine walihamia bondeni mpaka mpunga uvunwe. Tulilala kwenye madungu, vibanda vya miti vilivyoinuliwa juu ya maji, na sisi watoto tuliamia ndege tangu alfajiri. Chandarua kilibaki nyumbani. Sufuria, mbegu na watoto vilitosha kuujaza mtumbwi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990. Mradi wa vyandarua ulikuwa umeingia Kilombero na Ulanga mwaka 1997, vikiuzwa kwa jina la Zuia Mbu, na kwetu hakuna aliyehitaji kuambiwa kwamba mbu huleta homa. Bibi, Mpogoro asiyepita darasani, alilijua hilo. Mtoto akichemka alimsagia klorokwini akachanganya na sukari, maana ule uchungu haumezeki. Degedege, kwake, lilikuwa jambo jingine kabisa: shetani arukaye usiku kama ndege. Aliamini mtoto wa degedege akichomwa sindano, anakufa. Mama alitoka Uchagani, milimani, ambako malaria ilihesabiwa ugonjwa wa watu wa tambarare. Degedege alikuwa hajaliona.

Usiku mdogo wangu alipokakamaa, macho yakageuka meupe, bibi alichoma kinyesi cha tembo akamfukiza, kisha akamwogesha majani. Mama alilia apelekwe hospitali. Kulipopambazuka baba alishika upondo.

Hospitalini, muuguzi wa kwanza alinusa moshi kwenye kanga, akamfokea bibi mbele ya watu: ushirikina wenu unaua watoto. Bibi akatoka nje kimya. Aliyemfuata huko alikuwa muuguzi mtu mzima.

“Shikamoo bibi. Kabla ya degedege, alikuwa na homa?”

“Marahaba. Siku mbili.”

“Basi ni homa ileile, imepanda kichwani. Kumwogesha kumempoza. Sasa tumpe kwinini.”

Bibi alirudi ndani, akaushika mkono wa mjukuu wake wakati dripu inatundikwa. Mtoto alipona.

Nimeona mabango mengi ya malaria tangu hapo, na hakuna ninaloliamini kuliko swali lile. Msimu uliofuata bibi alipita madungu ya jirani akiwaambia wanawake wasingoje homa ifike siku ya pili. Walimsikiliza kwa kuwa ni bibi yao. Wasukuma waliohamia na ng'ombe upande wa juu hawakufikiwa na maneno yake, na mikutano ya afya iliitishwa mchana, ofisi ya kijiji, wao wakiwa malishoni.