Soma kibati kabla ya kufungua bahasha

Ndugu wakulima, wiki iliyopita nilikwenda Kariakoo na wenzetu wawili wa korosho kutoka Mkuranga. Kikundi chao kimechanga misimu miwili kununua mashine ya kukatakata matawi inayozungushwa na trekta. Wakishapogoa mikorosho huchoma matawi, na mwaka jana moto uliruka hadi kwa jirani.

Duka la kwanza tulionyeshwa mashine kubwa, rangi inang'aa, eti inameza gogo la inchi sita. Mwenyekiti akaanza kufungua bahasha. Nakiri hata mimi rangi ilinivuta. Nikasoma kibati: mizunguko 1000 kwa dakika. Tukampigia dereva. Trekta yao ina nguvu farasi 35, na shafti ya nyuma inatoa mizunguko 540 tu. Hapo visu havikati, vinatafuna na kukwama. Bahasha ikarudi mfukoni.

Duka la tatu tukapata ya 540, inchi nne. Visu vya akiba vilikuwepo, tena vinageuzwa upande wa pili vikiwa butu. Ila shafti haikuwa na kifuniko. Muuzaji akasema wengi hawakihitaji. Nikakataa: kanga au mkono wa shati ukinaswa pale, mtu anavutwa kabla hajapiga kelele. Tukakaa kwenye benchi hadi saa tisa, kijana akarudi nacho kutoka Gerezani. Ndipo mwenyekiti akahesabu fedha, mara mbili.